Diski ya king'amuzi cha kurekodi inapoanza kufa: ipime kwanza, kisha ndipo uamue kuifomati

Watu wengi wanaoniletea ving'amuzi vya kurekodi hapa Moshi huwa wameshakubali kufomati, yaani kuifuta diski na kuiandaa upya, kabla hawajafika kwangu. Picha iliganda, menyu ikawa nzito, kisha skrini ikaandika kwamba diski ina hitilafu na kuuliza kama ifomatiwe, nao wakabonyeza ndiyo kwa sababu hapakuwa na jibu jingine mbele yao. King'amuzi hufanya kazi siku tatu au wiki mbili, halafu tatizo hurudi palepale, na wakati huo kipindi alichohojiwa marehemu baba, au ibada ambayo kwaya ya usharika wao ilionyeshwa, kimeshafutika. Mara nyingine nafungua kifuniko na kukuta diski nzima kabisa, kilichochoka ni kapasita moja ndogo, kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme, kwenye pawa saplai, yaani sehemu inayogeuza umeme wa ukutani. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja ambao nauomba uuheshimu: kwanza tafuta kosa liko wapi, pili okoa kile usichoweza kukipata tena, na kufomati kuje mwisho.

Kazi ambayo diski hufanya bila wewe kuiona

Ndani ya king'amuzi cha kurekodi mna diski ngumu (hard disk) ya kawaida, ya ukoo uleule wa zile za kompyuta. Huwa ama ya inchi 3.5, ambayo hutumia volti 12 kuzungusha mota na volti 5 kwa saketi zake, ama ya inchi 2.5, ambayo hutosheka na volti 5 peke yake. Ving'amuzi vingine havina diski ndani, ila vina tundu la USB la kuchomeka diski ya nje, na mengi ya maelezo haya yanavihusu pia.

Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba diski hiyo huandikiwa muda wote. Ule uwezo wa kusimamisha matangazo ya moja kwa moja wakati mgeni anabisha hodi, kisha kuendelea pale ulipoachia, unawezekana kwa sababu king'amuzi hurekodi chaneli unayoitazama bila kukuambia. Chukua chaneli ya HD inayorushwa kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde: hiyo ni megabaiti 1 kila sekunde, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa. King'amuzi kikiachwa kimewaka usiku na mchana, diski huandikiwa takribani gigabaiti 86 kwa siku na zaidi ya terabaiti 31 kwa mwaka, hata kama hukurekodi kipindi hata kimoja kwa hiari yako. Ndiyo maana diski inayokufa huweza kugandisha hata taarifa ya habari unayoitazama muda huohuo, na mwenye nyumba akapanda juu ya bati kugeuzageuza dishi ambalo halina kosa.

Nimesikia mara nyingi pia ikisemwa kwamba diski hufa upesi huku kwetu kwa sababu ya mwinuko. Ni kweli kwamba vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani zinazozunguka ndani ya diski kwa utando mwembamba wa hewa, na hewa ikipungua mno vitashuka na kugusa. Lakini watengenezaji wengi huruhusu diski ifanye kazi hadi mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi na Moshi chini ya mita 1,000, na hata nyumba za juu kule Kibosho na Marangu zimo ndani ya kiwango hicho. Kinachoziua diski zetu ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, joto, vumbi na mtikisiko, na yote manne yanazuilika.

Hatua ya kwanza: andika dalili kabla hujagusa kitu

Chukua karatasi na uandike dalili kwa siku mbili. Je, picha huganda ukitazama matangazo ya moja kwa moja, au ukicheza kilichorekodiwa tu, au mahali pote? Je, rimoti huchelewa kujibiwa wakati picha imeganda? Je, king'amuzi hujizima na kuwaka chenyewe? Je, orodha ya rekodi hutoweka, kisha hurudi ukizima na kuwasha? Je, tatizo lilianza baada ya umeme kukatika au baada ya radi? Dalili hizi zikiandikwa zinaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Kutofautisha kosa la diski na kosa la dishi si kazi ngumu ukijua cha kutazama. Mawimbi yakiwa dhaifu, kama wakati mvua kubwa ya masika inashuka, picha huchanika vipande vya mraba, sauti hukwaruza au kukatika, lakini wakati unaendelea na rimoti inajibu mara moja. Diski ikishindwa kusoma, picha husimama safi bila kuchanika, menyu inakuwa nzito, king'amuzi kinatulia sekunde kadhaa kikijaribu kusoma palepale, kisha picha inaruka mbele. Jaribio zuri zaidi ni kurudisha nyuma sehemu yenye kasoro na kuicheza mara tatu. Kasoro iliyoingia na mawimbi siku ya kurekodi itajirudia vilevile kila mara, vipande vilevile kwenye sekunde ileile. Kasoro ya diski hubadilika: mara inaganda sekunde mbili, mara kumi, na safari moja inapita bila tatizo.

Hatua ya pili: itenge diski

Ingia kwenye mipangilio na uzime uwezo wa kusimamisha matangazo, kama king'amuzi chako kinaruhusu. Kama ni diski ya nje, chomoa kabisa baada ya kuzima. Kisha tazama chaneli moja kwa saa mbili au tatu. Picha ikitulia, umeshajua kwamba kosa liko upande wa diski, waya zake au umeme wake. Picha ikiendelea kuganda, iache diski na uchunguze dishi, kebo yake na joto la king'amuzi chenyewe.

Angalia pia nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa karibu yote huandika vipande vya kipindi kimoja mahali pengi, vichwa vikawa vinakimbia huku na huko, na dalili zake hufanana na za ugonjwa. Futa rekodi usizozihitaji hadi ibaki angalau asilimia 15, zima king'amuzi, kichomoe kwenye soketi dakika tano, kisha ukiwashe. Lakini kama tayari unasikia mlio usio wa kawaida, usifute chochote na usiwashe tena. Ruka uende kwenye maelezo ya milio hapa chini.

Wenye diski za nje wana mtego wao. Tundu la USB la toleo la 2 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la toleo la 3 miliampea 900, ilhali diski ndogo ya inchi 2.5 inaweza kuhitaji karibu ampea moja inapoanza kuzunguka. Matokeo yake ni diski inayoanza, inasita, inajizima, kisha inaanza upya, na mwenye nayo anaambiwa imekufa. Ichomeke kwenye kitovu cha USB (hub) chenye umeme wake, au tumia waya mfupi na mnene badala ya ule mrefu mwembamba, kabla hujatoa hukumu. Fahamu vilevile kwamba diski iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haiwezi kushika faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo rekodi kukatwa vipande kila baada ya saa moja na kidogo ni tabia ya mfumo huo, wala si kosa.

Hatua ya tatu: okoa kumbukumbu wakati diski bado inasoma

Hapa niseme wazi, kwa sababu watu wametozwa fedha kwa ahadi zisizowezekana. Rekodi za ving'amuzi vya kulipia huhifadhiwa zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya king'amuzi chenyewe. Ukiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta, au kwenye king'amuzi kingine cha aina ileile, hazitacheza. Fundi anayekuahidi kuzihamishia kwenye flashi anakudanganya, au hajui. Ving'amuzi vya chaneli za bure vinavyorekodi kwenye diski ya USB ni tofauti: vingi huandika mafaili ya kawaida yenye mkia wa ts, ambayo kompyuta huyafungua bila shida, na hayo yanakilika.

Kwa hiyo kama una kipindi kimoja cha familia ndani ya king'amuzi cha kulipia na diski bado inakicheza, kicheze leo. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, funga mapazia, zima feni, na urekodi skrini pamoja na sauti. Nakala hiyo haitakuwa nzuri kama asili yake, lakini sauti ya mzee itabaki. Kisha uliza kituo kilichorusha kipindi hicho kama bado wanacho. Fanya haya kabla ya kufungua kifuniko, kwa maana kila saa diski mgonjwa inayozunguka huweza kuwa ya mwisho.

Hatua ya nne: fungua, sikiliza, pima

Kama king'amuzi bado kiko ndani ya muda wa dhamana, au ni mali ya kampuni iliyokukodisha, usikate lakiri yake. Kirudishe kwa wakala. Kama ni chako na dhamana imekwisha, endelea, ila kwa tahadhari moja isiyo na mjadala. Umeme wetu ni wa volti 230, na ukishageuzwa ndani ya pawa saplai hufika volti 325 hivi kwenye kapasita kubwa, ambayo huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa, subiri dakika kumi, kisha pima kapasita hiyo kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, kabla ya kuingiza kidole. Kama hujawahi kupima umeme mkubwa, kazi ya ndani ya pawa saplai mwachie fundi. Kazi ya diski na kebo zake unaweza kuifanya mwenyewe.

Anza kwa kusikiliza. Weka sikio karibu na diski wakati king'amuzi kinawashwa. Diski nzima huanza kwa mvumo unaopanda, ikifuatiwa na mikwaruzo midogo michache, kisha hutulia. Mlio wa tik, tik, tik unaojirudia kwa mpangilio, kisha mota kusimama na kuanza upya, maana yake vichwa havipati njia. Hiyo ni diski ya kuzima mara moja. Sauti ya chuma kinachokwaruzwa ni mbaya zaidi, kwani kichwa kinachimba sahani. Mlio mwembamba wa filimbi bila mzunguko huonyesha kwamba mota imekwama au haipati umeme wa kutosha. Na ukimya kamili, hapo mtuhumiwa wa kwanza ni umeme, diski ni wa pili.

Zima, chomoa, kisha toa kebo zote mbili za diski, ile nyembamba ya data na ile pana ya umeme, zitazame kama zina kutu au mguu uliopinda, na uzirudishe kwa kuzibana hadi zikae. Vumbi la huku ukanda wa chini, pamoja na unyevu wa miezi ya mvua, hutengeneza utando juu ya miguu ya shaba. Nimeona diski zikihukumiwa kufa kwa kebo ambayo ilihitaji kuchomolewa na kuchomekwa upya tu, kwa hiyo hatua hii usiidharau kwa wepesi wake.

Sasa pima umeme wa diski, huku diski ikiwa imechomekwa na king'amuzi kimewashwa. Kwa kawaida waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu volti 5, na mweusi ndio hasi, lakini watengenezaji wengine hubadili rangi, basi amini multimita kuliko macho. Mstari wa volti 5 usipungue 4.75 wala kuzidi 5.25, na ule wa volti 12 uwe kati ya 11.4 na 12.6. Zingatia hasa sekunde kumi za mwanzo, kwa sababu diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta ampea moja hadi mbili kwenye volti 12, na pawa saplai iliyochoka hujificha hapo: ukipima diski ikiwa imetulia unapata 12.0 safi, ila wakati wa kuanza inaanguka hadi 10, diski inapoteza mzunguko, king'amuzi kinasema diski haipo.

Umeme ukianguka namna hiyo, tazama kapasita za upande wa pili wa pawa saplai, zile za volti 10, 16 au 25. Kichwa chake kikiwa kimevimba, au pembeni yake pana majimaji ya kahawia yaliyokauka, imekufa. Ibadilishe kwa nyingine yenye thamani ileile ya mikrofaradi, volti zilezile au zaidi, iliyoandikwa nyuzi 105, na iwe ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya pawa saplai za kisasa. Ya kawaida iliyong'olewa kwenye redio ya zamani itakurudisha mezani baada ya miezi michache. Zingatia upande wa hasi. Ninakadiria, kwa kazi zilizopita mikononi mwangu, kwamba kasoro za umeme na kebo ni nyingi kiasi cha kutosha kumfanya fundi mwaminifu asiuze diski mpya kabla ya kuzipima.

Hatua ya tano: mwulize daktari wa diski mwenyewe

Umeme ukiwa mzuri na dalili zikaendelea, toa diski na uichomeke kwenye kompyuta, ama ndani kwa kebo ya SATA (aina ya kebo ya data ya diski), ama kwa adapta ya USB yenye umeme wake. Ukitumia Windows, itakuja na ujumbe kwamba diski haijatayarishwa au inahitaji kufomatiwa. Kataa. Mfumo wa mafaili wa king'amuzi ni mgeni kwa Windows, na ukikubali unafuta ramani ya rekodi zote. Mimi hutumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, iliyowashwa kutoka kwenye flashi, kwa sababu haiigusi diski hadi niiamuru. Baadhi ya ving'amuzi huifunga diski kwa nywila, nayo haitasomeka kwenye kompyuta yoyote hata ikiwa nzima. Ukikuta hivyo usiihesabu kuwa mbovu.

Kila diski ya kisasa hujiwekea kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART. Kwenye Linux andika:

smartctl -a /dev/sdb

Badala ya sdb weka jina la diski yako kama lilivyoonyeshwa na amri ya lsblk, na kama umetumia adapta ya USB ongeza -d sat kabla ya -a. Kwenye Windows, programu ya CrystalDiskInfo huonyesha mambo yaleyale, ila namba zake za sifa huandikwa kwa mtindo mwingine, ambao nitauweka pamoja. Usome safu ya mwisho kulia, ile ya hesabu halisi, wala usitosheke na neno la jumla linalosema diski ni nzima, kwa sababu neno hilo huendelea kuwa zuri hadi diski inapokaribia kaburi.

Sifa namba 5, ambayo ni 05, huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya sahani vinavyoandikiwa data, zilizoharibika ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. Namba 197, yaani C5, huhesabu sekta zilizokataa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Namba 198, yaani C6, ni zile zilizoshindikana kabisa wakati wa ukaguzi. Namba 199, yaani C7, huhesabu makosa ya mawasiliano, na hiyo ni kebo, wala haihusiani na sahani: hesabu yake ikipanda, badilisha kebo kwanza. Namba 9 ni saa ambazo diski imewahi kuwaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika.

Usomaji wa namba 5 na 197 kwa pamoja ndio unaohitaji busara, na hapa ndipo mazingira yetu ya umeme yanapoingia. Umeme ukikatika wakati diski iko katikati ya kuandika sekta, sekta hiyo hubaki nusu mpya nusu ya zamani, hesabu yake ya ukaguzi haikubali, na diski huiweka kwenye orodha ya namba 197, ingawa sahani yenyewe haina jeraha. Ukikuta namba 197 ina sekta chache, namba 5 ni sifuri, na mwenye king'amuzi anakumbuka umeme ulikatika, kuna uwezekano mkubwa kwamba diski itapona ikiandikiwa upya yote. Kufomati kwa haraka kwenye menyu ya king'amuzi hakutoshi, kwa sababu huandika ramani tu na kuziacha sekta mbovu zilipokuwa. Hii ndiyo sababu ya tatizo kurudi baada ya wiki mbili. Linalotakiwa ni kuandika sifuri diski nzima, baada ya kuokoa kilichomo:

dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=1M status=progress

Diski ya terabaiti 1 huchukua saa mbili hadi nne hivi. Kisha endesha ukaguzi mrefu kwa smartctl -t long /dev/sdb, subiri uishe, na usome namba upya. Namba 197 ikirudi sifuri na namba 5 ikabaki sifuri, irudishe kazini. Namba 5 ikiwa imepanda, andika hesabu yake, na uipime tena baada ya wiki: ikipanda zaidi, sahani inachakaa na hakuna dawa. Diski yenye mamia ya sekta zilizohamishwa mimi siirudishi kwa mteja, hata akiniomba.

Hatua ya sita: kunakili diski nzima

Kama unataka kujaribu kuokoa rekodi za king'amuzi cha kulipia, njia pekee yenye maana ni kunakili kila sekta kwenda kwenye diski mpya yenye ukubwa uleule au zaidi, kisha kuirudisha nakala hiyo ndani ya king'amuzi kilekile. Baadhi ya ving'amuzi huikubali kana kwamba hakuna kilichobadilika, vingine huikataa na kudai ifomatiwe. Hakuna hasara ya kujaribu ilimradi diski ya zamani imebaki bila kuguswa.

Tumia GNU ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kuziacha zenye tabu hadi mwisho, badala ya kuing'ang'ania sekta mbovu ya kwanza hadi diski ife:

ddrescue -d -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.log

Ya kwanza ni diski mgonjwa, ya pili ni mpya. Ukizigeuza unaandika utupu juu ya kumbukumbu, kwa hiyo soma lsblk mara mbili, linganisha ukubwa na namba za utambulisho zilizoandikwa kwenye kibandiko, na ikiwezekana mwite mtu mwingine asome nawe kabla ya kubonyeza. Mzunguko huo ukiisha, rudia bila -n na uongeze -r3, ili ijaribu sehemu zilizobaki mara tatu zaidi. Faili la ramani ndilo linalokumbuka ilipofikia. Umeme ukikatika katikati, toa amri ileile na itaendelea ilipoachia. Diski ikipata joto sana, isimamishe, ipumzike, kisha uendelee. Ile inayogonga tik, tik usiijaribu kabisa kwa njia hii, wala usiifungue diski yenyewe kwa bisibisi ukidhani utavinyoosha vichwa: chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Hatua ya saba: kuchagua diski mpya na mahali pa kuiweka

Tafuta diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kurekodi video mfululizo, zile zinazouzwa kwa kamera za ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Huzunguka polepole, hupoa, na hazipotezi muda mrefu kuhangaika na sekta moja wakati picha inaendelea kuingia. Kwa king'amuzi chenye nafasi ndogo ya inchi 2.5, jiepushe na diski ambazo mistari yake ya kuandikia imelaliana kama vigae vya paa, aina iitwayo SMR, kwa kuwa huwa nzito zikiandikiwa bila kupumzika. Usinunue ukubwa unaozidi kile kitabu cha king'amuzi kinachotaja. Diski isiyo na sahani, yaani SSD, hufanya kazi na haina sauti, lakini kumbuka zile terabaiti 31 kwa mwaka: nyingi za gigabaiti 500 hupewa uwezo wa kuandikiwa kati ya terabaiti 100 na 300, basi piga hesabu ya miaka kabla ya kulipa.

Diski zilizotumika zipo madukani, Arusha na Moshi, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye mitambo ya kamera. Usinunue bila kuchomekwa kwenye kompyuta mbele yako na kuonyeshwa namba 9, 5 na 197. Muuzaji anayekataa kuonyesha amekwisha kujibu.

Kabla ya kukirudisha king'amuzi sebuleni, patazame mahali pake. Kile kitambaa cha kufuma kinachowekwa juu yake kwa ajili ya pambo huziba matundu ya hewa, na alasiri ya Januari huku Pasua au Majengo diski hupita nyuzi 50 bila shida. Kitandike chini yake au kiondoe. Usikiweke juu ya sabufa wala kwenye kabati moja nayo, maana kila mdundo huvisukuma vichwa nje ya njia zake, na diski hulazimika kusoma tena. Kiunge kwenye kifaa cha kulinda televisheni kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, au UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme unapokatika, ambayo ndiyo bora zaidi kwa kuwa humpa mtu muda wa kukizima vizuri. Usikizime kwa kuchomoa soketi ukutani. Zima kwa rimoti, subiri nusu dakika, kisha uchomoe. Na ngurumo zikianza kushuka kutoka mlimani, chomoa pia kebo ya dishi, kwani radi huingia kwa njia hiyo hata kama plagi iko nje.

Ukishafunga diski mpya, acha king'amuzi kiifomati chenyewe kwenye menyu yake, kisha kipe mtihani wa haki kabla ya kufunga skrubu za mwisho. Rekodi chaneli mbili kwa wakati mmoja, kama kinaweza, huku ukicheza rekodi ya tatu, kwa saa tatu mfululizo. Pitia zote kwa kwenda mbele kwa kasi, ukisimama kila robo saa. Rudia usiku wa pili. Andika tarehe kwa kalamu kwenye kipande cha gundi na ukibandike juu ya diski, kisha ile ya zamani uiweke kwenye mfuko, mahali pakavu, kwa mwezi mzima. Kama katika mwezi huo mtu wa nyumbani atakumbuka kipindi ambacho hakuna aliyekitaja wakati wa kuokoa, bado utakuwa na mahali pa kukitafuta.